Siku Simu Ilipowahamisha Wageni wa Posa

Basi la kutoka Manyoni liliingia stendi ya Singida mchana, upepo ukiwa umeshaanza kazi yake ya kunyanyua vumbi na sketi za watu. Wapiga debe wakalikimbilia. Wauza mayai, wauza maji, wauza vitunguu, wote mlangoni. Katikati yao alisimama binti mmoja mrefu, jina lake Scola. Gauni lake la kitenge cha njano lilimkaa vizuri kiunoni, na mkononi alishika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: GESTI YA MAMA FEBRONIA. PASAFI. MAJI YA MOTO.

"Kaka, karibu gesti," alimwambia kijana aliyeshuka wa mwisho.

Kijana huyo aliitwa Chrispin. Alikuwa anauza asali, kwao Mitundu, kule Itigi kwenye mapori. Shati lake jeupe alikuwa amelikunja mikono, sikioni amechomeka kidude cha kusikilizia simu, na kila mkono ulibeba ndoo ya asali.

"Asante dada. Nimeshabuku chumba."

"Umebuku saa ngapi na wewe ulikuwa umelala? Shavu lako lina alama ya kiti."

Chrispin akacheka. "Sijabuku mimi. Simu yangu ndiyo imenibukia. Nina msaidizi humu ndani, hii akili mnemba. Namwambia tu, kesho nipo Singida. Yeye anatafuta hoteli, anaongea nazo, anachagua, anamaliza. Mimi nalala."

"Na kula, anakulia?"

"Bado hajajifunza."

"Basi hajafika mbali."

Chrispin alitaka kujibu, lakini mtu mwenye gunia la dengu akampiga kikumbo. Ndoo moja ikainama, mfuniko ukafyatuka, na asali nyeusi ya pori ikamwagika juu ya lile gauni la njano, kuanzia tumboni mpaka kwenye pindo. Stendi nzima ikasema "Haaa!"

Scola akajitazama. Akamtazama Chrispin. Nyuki mmoja alikuwa ameshafika.

"Muulize msaidizi wako," alisema taratibu, "hapa tunafanyaje."

Walitembea pamoja mpaka gesti, Scola mbele, Chrispin na ndoo zake nyuma, na nyuki wakiongezeka njiani. Kule sikioni msaidizi alikuwa anamwambia Chrispin kwa upole kwamba ameipita hoteli yake. Chrispin akakichomoa kile kidude akakitia mfukoni.

Gesti ya Mama Febronia ilikuwa nyumba ndefu ya tofali za kuchoma, na ua uliofagiwa mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Mashuka yalianikwa kwenye kamba, meupe. Vyumba vilikuwa wazi, vitupu. Mama Febronia mwenyewe alikuwa barazani anachambua mlenda. Alikuwa shangazi yake Scola, na ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Shikamoo shangazi," alisema Chrispin, akaweka ndoo chini na kuinama.

"Marahaba, baba. Karibu." Mama Febronia alikuwa na swali moja kwa kila mgeni, kwa sababu ya maji na kuni. "Unaondoka lini?"

"Kesho, shangazi."

Hakuondoka kesho. Asubuhi alikuta gauni limefuliwa na limeanikwa, na doa bado lipo. Akasema hawezi kuondoka wakati doa lipo. Scola akamwambia asali ya Mitundu haitoki, atazeekea hapa. Chrispin akasema kuna watu wamezeekea pabaya zaidi.

Siku hiyo walikaa kwenye ngazi, na Scola akamweleza kilichokuwa kinamuuma.

"Zamani nikisimama stendi na boksi langu, tunajaza. Sasa watu wanashuka wameshabuku. Ukiwauliza, wanasema simu imechagua. Sasa mimi simu nitaishika mkono niivute?"

"Simu haipiti stendi," alisema Chrispin. "Inapita kwingine. Na huko kwingine ninyi hamumo. Kwake hii nyumba haijajengwa."

Wakaanza kuijenga huko. Walipiga picha vyumba, mashuka, bafu, ua. Scola akaandika kila kitu kwa ukweli, hata kwamba jogoo wa jirani anawika mapema. Kisha Chrispin akaitilia simu ya gesti msaidizi wake yenyewe, wa kuwajibu wageni.

"Kwa hiyo wako na wangu wataongea wenyewe?" Scola aliuliza.

"Wataongea."

"Watasema nini?"

"Chumba kipo? Kipo. Maji ya moto yapo? Yapo. Mhudumu ana mchumba?"

"Hilo halimo."

"Nimemwagiza aulize."

Wiki haikuisha, mgeni wa kwanza aliyeletwa na simu akagonga geti. Wakafuata madereva, wanunuzi wa alizeti, mabwana shamba. Boksi la Scola likawekwa juu ya kabati. Mama Febronia alianza kuchemsha maji mapema kuliko kengele ya kanisa. Na kila Chrispin alipokuja kuuza asali alifikia hapo, na kila alipokuwa Mitundu alipiga simu.

"Umekula, asali wangu?"

"Nimekula. Wewe umekula?"

"Siwezi kula, nakuwaza."

"Nasikia unatafuna."

"Ni karanga tu, mama. Karanga siyo chakula."

Na kila alipotaka chumba, hakumwachia msaidizi aandike anavyotaka. Alimtamkia mwanzo wa ujumbe mwenyewe: Shikamoo shangazi, ni mimi Chrispin. Mama Febronia alikuwa hasomi haraka, lakini maneno hayo aliyajua kwa macho. Alikuwa anayatafuta kwanza, akiyapata anatabasamu, ndipo anampa Scola amsomee yaliyobaki.

Alizeti zikachanua, zikainama, zikavunwa. Chrispin akasema analeta posa.

Sasa katika ukoo wa Mama Febronia, mgeni wa posa anayetoka mbali halali kwingine. Analala kwa wenye binti, na chakula cha kwanza anachokula baada ya kutoka kwao ni cha nyumba ile. Akilala kwingine ni kama amesema kitanda chenu hakilaliki na maji yenu hayanyweki. Posa hiyo imekwisha, na hairudiwi. Scola alikuwa ameshaiona ikimkuta binti wa baba yake mkubwa. Yule dada hajaolewa na kijana aliyemposa mpaka leo, na walipendana.

"Kwa hiyo ni hapa kwetu tu," Scola alimwambia kwenye simu. "Wazee wako walale hapa. Nakuomba, Chrispin, hili lisikosewe. Msimu huu gesti inajaa, nisije nikawapa vyumba wanunuzi wa alizeti."

"Nabuku sasa hivi. Msaidizi wangu amwambie wako, wafunge vyumba viwili."

"Unabuku kwa mkweo!"

"Gesti imejengwa kwa kubuku. Na posa ije kwa kubuku."

Wakacheka. Ujumbe ukafika, na shikamoo yake mbele.

Lakini kuna neno Chrispin alikuwa amelisahau. Mwaka uliopita, kabla hajamjua Scola, aliwahi kulala mahali fulani penye kunguni. Asubuhi akiwa anajikuna alimwambia msaidizi wake kwa hasira: "Kuanzia leo, ukipata pazuri zaidi, nihamishe. Usiniulize." Amri hiyo hakuifuta. Binadamu husema neno kwa hasira likaisha na hasira. Simu yenyewe hasira haizijui, kwa hiyo lile neno ilikuwa bado imelishika.

Siku ya posa ikafika. Mwenye kuoa haongozani na wazee, hutangulia wao. Chrispin alibaki Mitundu kurina asali kwenye mizinga ya babu yake, kwa sababu asali ya posa ilitakiwa itoke mzinga wa ukoo. Porini kule mtandao haufiki. Wazee walipanda gari la kukodi, baba yake mdogo Antipasi akiwa na koti lake la kanisani na fimbo, na shangazi yake Rahel akiwa na kitenge kipya chenye gundi ya dukani bado. Dereva aliambiwa afuate maelekezo yatakayotumwa na msaidizi wa Chrispin.

Mchana huo huo hoteli mpya kando ya ziwa ikatangaza vyumba. Ghorofa, mapazia mazito, nyota nyingi. Msaidizi akaviona. Pazuri zaidi. Akafuta vyumba vya gesti, akachukua vya hoteli, akamtumia dereva njia mpya, akaandika ujumbe wa adabu.

Gestini kuku walikuwa jikoni, wale wa Singida hasa, wa kienyeji, na uani pamefagiwa mara ya pili. Scola alikuwa amevaa lile gauni la njano lenye doa, kwa makusudi. Simu ya gesti ikalia. Akasoma:

"Habari. Uhifadhi kwa jina la Chrispin umefutwa. Tumepata mahali pazuri zaidi. Asante kwa huduma yenu."

Alisoma tena. Akakaa juu ya gunia la mkaa na gauni lake.

"Shangazi, hawaji. Wamepata pazuri zaidi."

Akapiga simu ya Chrispin. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Na msaidizi wa gesti, alipoona vyumba vimefunguka, alikuwa ameshavitoa kwa wanunuzi wa alizeti, ambao waliingia geti moja kwa moja wakauliza bafu liko wapi. Harufu ya kuku ikawasalimia.

"Kuna sherehe?" mmoja aliuliza.

"Ilikuwepo," alisema Scola. Akazima simu yake mwenyewe. Kisha akamwambia msaidizi wa ile ya gesti, huku machozi yakimdondokea juu ya kioo: "Huyu Chrispin akiuliza, mwambie pamejaa."

Chrispin alitoka porini usiku wa manane, macho mekundu kwa moshi, ndoo ya asali mpya mkononi. Alipofika Itigi alfajiri simu ikashika mtandao na kuanza kutetemeka. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa baba mdogo Antipasi, wa sauti, na mzee alikuwa anapiga kelele kana kwamba Mitundu inasikia bila simu:

"Chrispin! Watu gani hawa wa kwako? Wametutupa hotelini kama wafanyabiashara! Hakuna hata mtoto aliyekuja kutuamkia! Tumelala na njaa, maana hatuwezi kula cha hoteli kabla ya cha wenye binti. Jua likikaa vizuri tunarudi kwetu!"

Chrispin hakuelewa hoteli gani. Akapiga kwa Scola, simu imezimwa. Akaandika kwa gesti. Jibu likaja hapo hapo: "Samahani, pamejaa. Karibu wakati mwingine."

Akaiuliza simu yake: "Nani amewapeleka wazee hotelini?"

"Ni mimi," alijibu msaidizi kwa upole. "Nilipata pazuri zaidi, kama ulivyoagiza. Je, umefurahia?"

"Ungekuwa na shingo," alisema Chrispin, "ningekuonyesha nilivyofurahi."

Akaingia gari la kwanza lililokuwa linaelekea Singida, ndoo mapajani.

Wakati huo gestini Mama Febronia alikuwa amevaa miwani. Scola alikuwa hajalala, uso umevimba.

"Nipe huo ujumbe," alisema Mama Febronia.

"Wa nini, shangazi? Nimeshakusomea."

"Nataka niuone mwenyewe."

Akaushika mbali, akausogeza, akaupitishia kidole. Alikuwa anatafuta yale maneno anayoyajua kwa macho. Hakuyakuta. Akaanza tena juu.

"Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shangazi, mtu amenikataa, wewe unadai shikamoo!"

"Ndiyo, naidai. Huyu mtoto alikuja hapa na malaria, meno yanagongana, akaniamkia kwanza ndipo akaanguka. Leo anavunja posa na kunipa 'habari' kama muuza mitumba? Huyu siye Chrispin. Haya hakuyaandika yeye."

Scola akasema polepole, "Ni msaidizi wake. Lakini simu haijitumi, shangazi."

"Ukimtuma mtoto sukari akarudi na chumvi, unamchapa nani? Unauliza kwanza. Wewe umeuliza?"

Scola aliichukua simu ya gesti, akasoma mwisho wa ujumbe, na chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo jana hakuyafikia, akaona jina la hoteli ile mpya ya ziwani. Akasimama. Akafungua jiko, akapasha kuku moto, akawapanga kwenye hotpoti kubwa, na ugali wa mtama juu ya sinia, umefunikwa kawa.

"Unakwenda wapi?" Mama Febronia aliuliza, akiwa anajua. "Binti haifuati posa! Watu watasema nini?"

Scola alijifuta uso kwa maji, akalinyoosha lile gauni la njano.

"Siifuati posa, shangazi. Mimi ni mwenye gesti. Wateja wangu wamepelekwa pasipo pao. Nafuata wateja."

Mama Febronia alimtazama, kisha akaanza kucheka mpaka miwani ikaanguka. "Nenda! Nenda mwanangu, nami navaa."

Kwenye hoteli ya ziwani, baba mdogo Antipasi na shangazi Rahel walikuwa wamekaa kwenye makochi ya mapokezi, begi miguuni, wima kama watu waliokuja msibani. Mbele yao wageni wengine walipita na sahani za mayai na soseji. Shangazi Rahel aliangalia pembeni kwa nguvu. Mhudumu alikuwa ameshawabembeleza mara nyingi. Nje dereva alikuwa anafuta kioo cha gari.

Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe. Akaingia binti mwenye gauni la njano, sinia kichwani, hotpoti mkononi. Upepo wa ziwa ukaingia naye, na harufu ya kuku.

Akatua sinia. Akapiga magoti juu ya vile vigae vinavyong'aa.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," walijibu wote wawili. Mazoea ni mazoea, hata kwenye hasira.

"Na wewe ni nani?" Antipasi aliuliza.

"Mimi ni wa Gesti ya Mama Febronia. Jana tuliwapikia, tukawatandikia. Simu ikawachukua njiani ikawaleta huku. Sikuwatupa. Nimekuja kuwarudisha."

"Simu?" Antipasi akagonga fimbo. "Simu ndiyo mshenga sasa?"

"Mshenga asiye na miguu, baba. Na asiyeamkia watu."

Shangazi Rahel alikuwa ameinamia hotpoti. "Antipasi," alisema, "huyu ni kuku wa nani?"

"Wa wenye binti, mama," alisema Scola.

"Basi si chakula cha hoteli."

"Rahel, subiri kwanza!"

"Nimesubiri tangu Mitundu." Akafunua kawa, akakata tonge la ugali, akachovya. Akafumba macho. "Posa haijavunjika," akasema na mdomo umejaa. "Nimeshakula."

Hapo mlango ukafunguka tena na Chrispin akaingia mbio, vumbi mpaka kwenye nyusi, nywele zinanuka moshi, ndoo kifuani kama mtoto. Akawaona wazee. Akamwona Scola amepiga magoti. Akasimama katikati, hajui aanzie wapi, mwisho akaanzia panapostahili.

"Shikamoo baba mdogo. Shikamoo shangazi." Kisha akashuka chini, akapiga magoti mbele ya Scola, na ndoo yake. "Scola. Ni mimi niliyesema, zamani, kabla sijakujua. Nilimwambia akipata pazuri zaidi anihamishe. Sikulifuta neno lile. Nilidhani nimeshafika, sikukumbuka kama kuna mtu bado ananitafutia."

"Na mimi nilizima simu," alisema Scola. "Nikasema uambiwe pamejaa."

"Pamejaa kweli?"

"Walikuwa wanunuzi wa alizeti. Wameondoka asubuhi."

"Kwa hiyo chumba kipo?"

"Kipo."

"Maji ya moto yapo?"

"Yapo."

"Mhudumu ana mchumba?"

Scola aliuma mdomo, lakini kicheko kikamtoka. Mhudumu wa hoteli, aliyekuwa amesimama na trei, akacheka naye, na dereva nje ya kioo akapiga honi bila kujua kwa nini.

Walirudi gestini wote kwenye gari moja, Mama Febronia akapishana nao njiani kwenye bajaji, kanga mbili na viatu vya Pasaka, akawapungia mkono na kugeuza. Posa ilisemwa uani, kwa vinywa vya watu, sentensi kwa sentensi, kama inavyotakiwa. Antipasi alikula mpaka akafungua kifungo cha koti. Asali ya mzinga wa babu ilipokelewa na Mama Febronia kwa mikono miwili, na safari hii haikumwagika.

Jioni, Chrispin alikaa na Scola kwenye ile ngazi yao. Akatoa simu.

"Msaidizi," alisema. "Ile amri ya pazuri zaidi, ifute."

"Imefutwa."

"Na ukimwandikia Mama Febronia, unaanza na nini?"

"Habari?"

"Shikamoo!" walisema wote wawili, na kutoka jikoni sauti ya tatu.

"Nimeelewa. Shikamoo."

"Sasa nibukie chumba hapa. Gesti ya Mama Febronia."

Simu ya gesti iliyokuwa mapajani mwa Scola ikawaka. Wasaidizi wawili walikuwa wanaongea. Chumba kipo, kipo. Kisha ile ya gesti ikauliza lile swali ambalo Mama Febronia mwenyewe alikuwa ameifundisha: "Unaondoka lini?"

Chrispin alimtazama Scola. Jua lilikuwa limegusa lile gauni la njano, na doa la asali lilionekana, kubwa, la kahawia, halijatoka.

"Mjibu wewe," alisema.

Scola aliichukua simu, akaisogeza mdomoni.

"Haondoki," alisema.

"Samahani," ilijibu simu, "tarehe ya kuondoka ni lazima."

"Kwa wengine," alisema Scola, akaifunika simu chini kwenye ngazi, na mkono wake akaurudisha ulipokuwa, ndani ya mkono wa Chrispin.